Milango 14, na mkono wangu kwenye kila kosa

Simu iliita saa nane na kitu usiku. Mpangaji wa namba 11, juu kabisa, hakunisalimia wala nini, alisema tu baba mwenye nyumba kuna moshi, ngazi nzima moshi, tumefungua mlango tumerudi ndani, tushukie wapi? Afu nikasikia mtu anakohoa nyuma yake na simu ikakatika.

Nilitoka na nguo nilizozikuta. Kutoka kwangu mpaka kwenye jengo ni kama robo saa na robo saa yote nilikuwa nahesabu watu, namba 1 wawili, namba 2 wanne na wana kichanga, namba 3 mama na mtoto wake, nikifika namba 9 nasahau naanza upya. Jengo lina nyumba 12, ghorofa tatu juu, ngazi moja tu. Ngazi moja, hilo nilikuwa nalijua tangu nalinunua na sikuwahi kulifikiria hata dakika moja.

Zimamoto walikuwa wameshafika. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, na nikiwasimulia wenzangu wenye nyumba hapo ndo huwa wananikatiza, wanasema ah kumbe kidogo tu. Ndiyo, mdogo. Ekstensheni nyuma ya friji kule namba 3 ilipata moto, likaungua friji, kabati la pembeni na ukuta mmoja, wakauzima ndani ya dakika chache. Lakini mama wa namba 3 alipoamka akakuta jiko linawaka alifanya ambacho mzazi yeyote angefanya, alibeba mtoto akakimbia. Hakurudi kufunga mlango. Na hakutakiwa kurudi, maana mlango ule kazi yake ni kujifunga wenyewe nyuma yake. Haukujifunga. Ulibaki wazi kama ulivyo na moshi wote wa jikoni ukatoka ukaingia kwenye ngazi, na moshi ukishaingia kwenye ngazi kwa chini haukai hapo, unapanda, ile nafasi yote inageuka kuwa bomba la moshi mpaka juu.

Watu 11 walitolewa na zimamoto, wengine kwa ngazi ya gari, wengine waliwafunika barakoa za hewa wakawashusha. Mzee wa namba 9 alilazwa siku mbili kwa ajili ya mapafu. Wote wazima mpaka leo, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Kulivyopambazuka afisa mmoja wa zimamoto, mama wa makamo mpole tu, aliniita kwenye mlango wa namba 3. Akamulika tochi juu ya ubao. Palikuwa na alama nne za skrubu zilizozibwa na kupakwa rangi vizuri kabisa. Akaniuliza, hapa palikuwa na klosa, nani kaitoa?

Nikamwambia mi ndo niliitoa.

Kwa asiyejua, klosa ni ile mashine ndogo yenye mkono inayokaa juu ya mlango, ukiuachia inauvuta taratibu mpaka unajifunga. Miezi kama minane kabla mama wa namba 3 alinilalamikia kwamba mlango unampiga mtoto, mtoto hawezi kuusukuma, na usiku ukijibamiza jirani anagonga ukuta. Malalamiko ya kweli kabisa. Mi nikaja na bisibisi yangu, dakika kumi nimeitoa, nimeziba matundu, nimepaka rangi, akanishukuru na mi nikaondoka najiona mwenye nyumba mzuri anayewasikiliza wapangaji wake. Klosa yenyewe mpaka usiku ule ilikuwa kwenye boksi stoo kwangu.

Nilichokuwa naamini kabla ya hapo ni kwamba mlango wa kuzuia moto ni mbao nene nzito, basi. Ukishafungwa na aliyejenga umemaliza, kama vile nguzo, nani anakagua nguzo. Kumbe mbao ni sehemu moja tu. Mlango wa moto ni mbao, fremu, bawaba, kitasa, klosa, ule ukanda wa pembeni, na hata kile kilichojazwa kati ya fremu na ukuta, vyote vinafanya kazi kama kitu kimoja na kikikosekana kimoja vilivyobaki havisaidii sana. Wale wanaopima huko maabara wanauchoma ukiwa umekamilika na vitu vyake vyote, na ndo maana unakuta umeandikwa dakika 30 au dakika 60, Uingereza wanaandika FD30 na FD60. Hizo dakika 30 ni za mlango uliofungwa. Ukiwa wazi dakika zake ni sifuri, hata uwe mnene kama ukuta wa ngome.

Wiki zile sikuwa nalala vizuri, nikawa nasoma. Nilichokisoma mara nyingi zaidi ni moto wa tarehe 9 Januari 2022 kule Bronx, New York, jengo la Twin Parks lenye ghorofa 19. Hita ya umeme ilishika moto kwenye nyumba moja ya ghorofa za chini, familia ikakimbia, mlango wao ambao ulitakiwa kujifunga haukujifunga. Moto haukufika mbali, uliishia kwenye ile nyumba na korido ya hapo nje. Moshi ndo ulisafiri, ukaingia kwenye ngazi, ukapanda, na huko juu mlango wa ngazi wa ghorofa ya 15 nao ulikuwa wazi. Watu 17 walikufa, 8 kati yao watoto, na ni moshi uliowaua. Nilisoma habari ile nikaona jengo langu, hita ndo friji, mlango ndo mlango.

Grenfell Tower kule London tarehe 14 Juni 2017 wengi tunaijua kwa yale mabamba ya nje yaliyowaka, na kweli hayo ndo yaliyoupandisha moto, watu 72 walifariki. Lakini uchunguzi wa serikali ulieleza pia habari ya milango ya nyumba za watu ambayo klosa zake hazikuwepo au zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo watu walivyokuwa wanakimbia milango ikabaki wazi, moshi ukajaa kwenye korido na baadaye kwenye ngazi ambayo nayo ilikuwa moja tu. Chanzo nako kilikuwa friji, ghorofa ya nne.

Sasa ukaguzi. Niliita mkaguzi wa milango ya moto, mtu aliyesomea hiyo kazi, si fundi seremala wa kawaida, na nitaeleza mbele kwa nini nasema hivyo. Alikuja na tochi, futi, kipimo chembamba cha kupima mianya, kalamu na fomu. Sikujua ukaguzi wa mlango mmoja unaweza kuchukua dakika ishirini. Milango 12 ya nyumba na 2 ya stoo za chini ya ngazi, jumla 14. Iliyofaulu ilikuwa miwili, na yote miwili ilikuwa ya nyumba zilizokaa bila mpangaji muda mrefu. Maana yake haikuwa na wa kuilalamikia, kwa hiyo mi sikuwa nimeigusa. Hilo liliniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye ile ripoti, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kusema wapangaji wameharibu. Wapangaji walikuwa na makosa yao ila mengi yalikuwa yangu, na karibu yote niliyafanya kwa nia njema.

Namba 6 mlango ulikuwa unasugua sakafu kipindi cha unyevu. Nilimwita fundi akaupiga randa chini na ubavuni, ukawa unafunguka laini kabisa. Mkaguzi akauangalia akachomoa kadi za benki mfukoni, akaziweka nne pamoja, akasema nne zikishikana ni kama milimita 3, huu mwanya wa pembeni na wa juu usizidi hapo sana. Pale namba 6 zilipita nne, akaongeza za kwangu zikapita saba. Chini ndo usiseme, kidole kinaingia. Chini viwango vinatofautiana, Marekani wanaruhusu mpaka kama milimita 19, Uingereza mlango wa kuzuia na moshi wanataka mwanya mdogo zaidi kwa mbali, kwa hiyo soma karatasi ya mlango wako wenyewe. Ila kosa kubwa zaidi lilikuwa ubavuni, fundi aliporanda aliondoa na ule ukanda.

Ule ukanda naomba niueleze maana mi nilidhani ni urembo. Pembeni ya mlango au kwenye fremu kuna mfereji mwembamba na ndani yake umelala ukanda. Joto likifika karibu nyuzi 200, inategemea aina, unavimba unajaza ule mwanya wote mpaka moto haupiti. Ni kitu cha akili sana. Lakini mkaguzi aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, kwamba moshi unatangulia joto. Dakika za mwanzo moshi ni wa baridi tu, unapita kwenye mwanya wakati ukanda bado umelala haujahisi chochote, na ndo dakika ambazo watu wamelala pia. Kwa hiyo mlango unaotakiwa kuzuia moshi unawekewa na brashi au mpira kwenye huohuo ukanda, inayogusa fremu muda wote. Na brashi za milango yangu karibu zote nilikuwa nimezipaka rangi. Nilivyopaka rangi korido nzima niliwaambia mafundi msiache doa, hawakuacha, brashi zikakauka zikawa ngumu kama kijiti na nyingine zikang'oka. Na lebo pia, ile ndogo ya juu ya mlango au upande wa bawaba inayoonyesha ni mlango gani na unahimili dakika ngapi, nayo ikafunikwa rangi. Lebo ikishapotea huna namna ya kumthibitishia mtu kwamba huo ni mlango wa moto, mtu wa bima hatakuamini na hana sababu ya kukuamini.

Namba 8 bawaba zilikuwa tatu kama inavyotakiwa ila ya katikati ilikuwa na skrubu mbili kati ya nne, na moja ni ndefu ya aina nyingine kabisa. Mlango ulikuwa umelala kidogo upande mmoja, klosa inauvuta unafika mwisho lakini ulimi wa kitasa hauingii, unagusa tu unabaki umeegemea. Ukiutazama kwa mbali utasema umefungwa. Moto ukisukuma hewa ndani unafunguka. Hapo ndo nilijifunza jaribio ambalo mpaka leo nalifanya kila nikipita, unafungua mlango wote unauachia, afu unaufungua kidogo tu kama upana wa kiganja unauachia tena. Mara zote mbili unatakiwa ujifunge mpaka usikie tak ya kitasa. Mingi inafaulu ule wa kwanza kwa sababu ina mwendo, inafeli ule wa pili.

Namba 4 mpangaji alibadilisha kitasa mwenyewe, akatoboa tundu kubwa kuliko kitasa kipya, na kitasa chenyewe kwa ndani kinataka ufunguo. Hilo la ufunguo lilimfanya mkaguzi aache kuandika anitazame. Mtu anaamka kwenye moshi, haoni, anatafuta ufunguo. Kwa ndani kiwe cha kuzungusha kwa mkono tu, kila nyumba, hilo halina mjadala na nililibadilisha jioni ileile kabla hata ripoti haijaandikwa.

Kuna la fremu. Nilipobadilisha fremu mbili miaka ya nyuma fundi alijaza nafasi kati ya fremu na ukuta kwa povu la kopo, lile la kawaida linalovimba, afu akapiga lipu nyembamba juu. Mkaguzi aligonga kwa kidole, akatoa lipu kidogo, akanionyesha. Povu la kawaida linaungua. Yaani nilikuwa na mlango wa dakika 30 umezungukwa na kitu kinachoweza kuondoka mapema kabisa moto ukianza. Panatakiwa pamba ya mawe iliyoshindiliwa na mastiki ya moto juu yake, au njia nyingine iliyojaribiwa na mlango ule. Na juu ya fremu ya namba 10 kulikuwa na tundu la waya wa intaneti, fundi alitoboa la inchi nzima akapitisha waya mwembamba akaondoka. Sikuwahi kuliona, na napita pale kila mwezi.

Ndo maana nikasema si fundi seremala wa kawaida. Fundi wangu ni mzuri, namheshimu, amenifanyia kazi miaka mingi, lakini alikuwa anafanya alichofundishwa: mlango ukigusa piga randa, nafasi ikibaki jaza, rangi isiache doa. Kwa mlango wa chumbani hayo yote ni sahihi. Kwa mlango wa moto kila moja ni kosa. Sikuwahi kumwambia huu ni mlango wa aina gani kwa sababu na mi nilikuwa sijui, kwa hiyo simlaumu hata kidogo. Siku hizi anakuja na mtu aliyepata mafunzo ya hiyo kazi na mwenyewe ameanza kujifunza, juzi kakataa kutoboa tundu la kuchungulia kwenye mlango wa namba 5 mpaka asome karatasi ya mlango inaruhusu nini. Nilifurahi sana.

Sasa jambo ambalo halikuwa kwenye ripoti. Ripoti inakwambia klosa hakuna, weka klosa. Nikaweka zote, mpya. Ndani ya wiki tatu nikakuta namba 1 wamechomeka kipande cha mbao chini ya mlango, namba 5 wamefunga kamba kwenye kitasa, na namba 12 mkono wa klosa umefunguliwa unaning'inia. Nilikasirika, niliandika tangazo kali nikabandika kila ghorofa, na halikubadilisha kitu. Ikabidi nikae chini. Hawa watu walikuwa ndani ya jengo usiku ule, moshi waliuona kwa macho yao, namba 12 walishushwa kwa ngazi ya gari. Kwa hiyo si kwamba hawajui, wanajua kuliko mimi. Nikaanza kugonga mlango mmoja mmoja kuuliza, si kugomba.

Namba 1 anaishi bibi wa miaka themanini na kitu, anatembelea fimbo. Akanikaribisha, akaniambia mwanangu, huo mlango umenishinda nguvu, mkono mmoja nina fimbo, mwingine nina mfuko, nausukuma unarudi unanisukuma, juzi umenigonga nikakaa chini pale nje mpaka kijana wa juu aliposhuka. Nikafanya na mi, nikashika fimbo yake na mfuko nikajaribu kuingia. Sikuweza vizuri, na mi nina mwili. Mafundi walizifunga zile klosa kwa nguvu ya kiwandani hawakuzirekebisha. Klosa nyingi zina skrubu za kurekebisha, moja inapunguza kasi ya mwendo, nyingine inashika ule mvuto wa mwisho wa kuingiza ulimi wa kitasa, na zingine zina ya nguvu pia. Ukipunguza mwendo na kuacha mvuto wa mwisho imara mlango haubamizi na bado unajifunga, kazi ya dakika tano. Yaani yale malalamiko ya mama wa namba 3, mtoto anapigwa, jirani anagonga ukuta, yangeisha kwa kuzungusha skrubu mbili. Nikikumbuka hilo mpaka leo natulia kidogo.

Kwa bibi hata marekebisho hayakutosha, ukilegeza sana mlango wenyewe unashindwa kufunga kitasa, na mlango wa moto una kiwango cha nguvu ambacho huwezi kushuka chini yake. Tukamwekea aina nyingine, klosa inayouacha mlango uwe mwepesi kama mlango wa kawaida siku zote, imeunganishwa na kengele ya moto, kengele ikilia inaushika inaufunga. Ni ghali kuliko zile nyingine, ndiyo. Niliweka moja pale na moja namba 9 kwa mzee aliyelazwa. Kwenye mlango wa korido ya chini ambao watu walikuwa wanauzuia kwa tofali kila wakihamisha vitu niliweka sumaku inayoushikilia ukiwa wazi na kuuachia king'ora kikilia. Tofali halijaonekana tena tangu hapo. Namba 12 shida ilikuwa mlio tu, tukarekebisha. Namba 5 wana watoto wanne wanaingia na kutoka, nako tukalegeza mwendo, na nilikaa na wale watoto ngazini nikawaonyesha jaribio la kiganja, sasa wao ndo wananipigia simu mlango usipotoa tak.

Nimegundua kila kabari chini ya mlango ina mtu mwenye shida yake nyuma, ukiondoa kabari bila kumuuliza shida utaikuta kesho.

Upande wa sheria kila nchi na yake, kwa hiyo usichukue za mwenzako ukadhani zimekutosha, nenda kwa zimamoto wa kwenu au mamlaka ya majengo uulize kwa maandishi. Ila zinafanana kimawazo na mi nilichukua mfano kwa walioandika wazi. England kanuni zilizoanza tarehe 23 Januari 2023 zinataka majengo ya makazi yenye urefu wa zaidi ya mita 11 milango ya maeneo ya pamoja ikaguliwe kila miezi mitatu, na milango ya nyumba za watu angalau mara moja kila mwaka, mwenye jengo akijitahidi kwa kadiri anavyoweza kuifikia. Marekani kiwango chao cha milango ya moto, NFPA 80, kinataka ukaguzi wa mwaka na kumbukumbu ya maandishi. Jengo langu ni fupi ila nimejiwekea huohuo utaratibu wa miezi mitatu kwa milango yote, naufanya mwenyewe kwa macho na kadi zangu nne, na mkaguzi aliyesomea anakuja mara moja kwa mwaka.

Daftari nalo. Mwanzo niliona ni usumbufu. Kila mlango una ukurasa wake na namba yake, tarehe, nimeona nini, nimefanya nini, nani kafanya, picha kwenye simu ya lebo na ya kila kilichobadilishwa. Nilipoanza kuandika ndo nikagundua mlango wa namba 2 nimerekebisha skrubu ya bawaba mara tatu kwa mwaka, bila daftari ningeona kila mara ni skrubu moja tu. Kumbe fremu ilikuwa inaachia ukuta.

Kuingia kwenye nyumba za watu nako kunataka adabu. Natoa taarifa mapema kwa maandishi, nasema ni mlango tu, sitapita sebuleni, na kama mtu hawezi siku hiyo tunapanga nyingine na naandika kwamba nilijaribu. Aliyegoma kabisa alikuwa mmoja, alidhani natafuta sababu ya kumpandishia kodi. Nilimwachia nakala ya ukurasa wa mlango wake asome, baada ya wiki mbili akanipigia mwenyewe.

Vingine nitavitaja tu, havina hadithi ndefu. Stoo za chini ya ngazi nilizitoa magodoro na makopo ya rangi, na milango yake inakaa imefungwa kwa ufunguo. Kengele za moshi ndani ya kila nyumba tunazijaribu kila mwezi na zikifika miaka 10 zinabadilishwa hata kama zinalia. Ekstensheni nyuma ya friji marufuku, nimeongeza soketi ukutani kwa gharama yangu nyumba zote. Na milango mitatu kati ya ile 14 haikuweza kurekebishwa, namba 6 mmojawapo, nikanunua mipya iliyokuja pamoja na fremu zake na karatasi zake, nikamlipa mtu aliyethibitishwa kuifunga.

Mama wa namba 3 alirudi baada ya ukarabati. Nilimwomba msamaha pale mlangoni, akaniambia baba mwenye nyumba mi ndo niliomba uitoe, nikamwambia we uliomba mtoto asipigwe. Tukajaribu klosa mpya wote wawili, mtoto akaisukuma kwa mkono mmoja akapita, mlango ukamfuata taratibu ukatoa tak.

Kilichobaki ni namba 7. Miezi mitatu iliyopita ilifaulu vizuri, jana kwenye jaribio la kiganja imefunga mara mbili kati ya tano, na kwa juu kadi nne zinapita kwa upande wa kitasa ila upande wa bawaba hazipiti, nafikiri ubao umepinda kidogo au bawaba ya juu imelegea. Sijashika randa. Fundi na mwenzake wanakuja Alhamisi asubuhi, na mpaka hapo nimewaomba namba 7 kila wakitoka wauvute wenyewe kwa mkono wasikilize.